Baba, Nawe Ukapime

Mahari imelipwa, ng'ombe wamefika ukweni, pamba imevunwa misimu miwili na mtoto bado. Hapo, kwetu Sapiwi, macho yote humgeukia mke. Mawifi wananong'ona, dawa za mizizi zinachemshwa, mume anashauriwa aongeze mke wa pili. Mume mwenyewe hakuna anayemuuliza kitu.

Ni kweli Watanzania wanazaa pungufu kuliko zamani: mwaka 2010 wastani ulikuwa watoto 5.4 kwa mwanamke, na mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Wengi wamepunguza kwa kupanga uzazi, na hiyo ni hiari yao. Sisi tunazungumza na wanaotafuta mtoto wasipate. Mke na mume wakikutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga na mimba isishike, waende hospitali. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha. Waende wote wawili, kwa kuwa katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika hivi, tatizo liko kwa mume pia, au kwake peke yake.

Hapa wanaume wengi hukasirika: "Mimi mbona niko imara?" Nguvu za kiume ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine. Jogoo anaweza kuwika kila alfajiri na mbegu zikawa chache, au zisiwepo kabisa. Macho hayaoni, hadubini ndiyo inayoona.

Kisonono na klamidia zisipotibiwa huziba mirija ya mbegu. Atibiwe mume na mke kwa pamoja, la sivyo wataambukizana upya. Kichocho cha malambo na mito yetu hudhuru via vya uzazi vya wanaume pia, kwa hiyo kijana akikojoa damu asiambiwe kwamba anakua. Matumbwitumbwi yakimpata mtu aliyebalehe yanaweza kuharibu korodani. Ipo pia mishipa iliyovimba juu ya korodani, sigara, na pombe ya kupindukia.

Na dawa za shambani? Mwaka 1977 huko California, wafanyakazi waliotengeneza dawa ya minyoo ya udongo, DBCP, waligundulika kupungukiwa mbegu, wengine hawakuwa nazo kabisa. Dawa ya pamba si hiyo, lakini usibebe bomba linalovuja mgongoni, wala usipulizie kifua wazi.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kaa siku 2 hadi 7 bila kukutana na mke, kisha utoe mbegu kwenye chombo safi cha maabara. Zinatakiwa zipimwe ndani ya saa moja, hivyo ni heri uzitolee hospitalini kuliko kusafiri nazo kwa bodaboda. Zahanati itakuelekeza pa kwenda. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa kwanza. Mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kukomaa, kwa hiyo aliyeacha sigara leo asitegemee majibu tofauti wiki ijayo. Arudi baada ya miezi 3, na mkewe.