Njaa ya Upangwa

Lugarawa ni mahali pa Upangwa, nchi ya milima na baridi. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907, Wadachi walichoma vyakula vya nchi za kusini. Njaa kuu ikaua watu wengi, hata Upangwa.

Njaa huumiza tumbo na moyo pia. Mwenye njaa huona haya kuomba, naye mfiwa hunyamaza na huzuni yake. Kwa hiyo jirani mwema hangoji kuitwa. Huketi na mfiwa, hulima shamba la mgonjwa, na aliyelazimika kula mbegu zake humkopesha nyingine, azirudishe wakati wa mavuno pasipo faida. Hivyo asaidiwaye hapotezi heshima yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali: Kwa nini jirani mwema hangoji kuitwa? Mbegu hurudishwa lini?