MELI HUJA BARAFU IKIYEYUKA

Ndugu msomaji, chumvi ikiisha nyumbani kwako unamtuma mtoto dukani. Duka nalo likiishiwa, mwenye duka huenda mjini kuleta nyingine. Mvua za masika zikiharibu barabara, mnangoja wiki mbili, pengine mwezi. Je, mngefanya nini kama ingewabidi kungoja miezi minane? Katika somo hili tutasoma habari za watu wanaongoja hivyo kila mwaka.

1. Nchi isiyo na barabara

Kaskazini kabisa mwa nchi ya Kanada kuna sehemu iitwayo Nunavut. Ilipata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania. Lakini watu wake ni wachache. Katika hesabu ya mwaka 2021 hawakufika 37,000. Wengi wao ni Wainuiti, wenyeji wa nchi hiyo tangu zamani.

Miji na vijiji vyao ni 25. Karibu vyote viko pwani. Hakuna barabara ya kwenda kusini mwa Kanada, wala barabara ya kuunganisha kijiji kimoja na kingine. Reli pia haipo. Njia za kuleta mizigo ni mbili tu: ndege na meli. Ndege huruka mwaka mzima, lakini kusafirisha mzigo kwa ndege ni ghali sana. Simenti, mbao, magari na mafuta ya dizeli hungoja meli.

Meli nazo haziji wakati wote. Huko baridi ni kali mno hata bahari huganda. Maji ya juu hugeuka kuwa barafu yenye unene wa zaidi ya mita moja. Watu hupita juu yake kwa pikipiki za theluji. Barafu hiyo huyeyuka katikati ya mwaka. Ndipo meli huja, kuanzia mwezi wa Julai mpaka Oktoba. Baada ya hapo bahari hufunga tena.

2. Orodha ya mwaka mzima

Kabla barafu haijayeyuka, kila nyumba inayotaka kuagiza vitu hukaa na kuandika orodha. Unga kilo ngapi? Mchele kilo ngapi? Sabuni, maziwa ya unga, nepi za mtoto? Mwenye kujenga huhesabu misumari na mbao. Shule, zahanati na maduka nayo huandika orodha zao.

Vitu hununuliwa kusini, hufungwa katika makasha ya mbao, na kupelekwa kwenye bandari zilizo karibu na mji wa Montreal. Kila kasha huandikwa jina la mwenyewe na jina la kijiji. Meli ina siku yake ya mwisho ya kupokea mizigo. Mzigo ukichelewa, unaachwa.

Ndugu msomaji, hapo utaona faida ya kujua kuandika na kuhesabu. Aliyesahau kuandika misumari ana mbao lakini hana nyumba. Ama atalipa fedha nyingi ailete kwa ndege, ama atangoje mwaka mwingine.

3. Kupakua ufukweni

Sehemu nyingi za Nunavut hazina gati la meli kubwa. Basi mizigo hushushwaje?

Meli hutia nanga mbali na pwani. Huwa imebeba matishali yake, na boti za kuyavuta. Winchi huyashusha majini, kisha huyapakia makasha. Boti huyavuta mpaka ufukweni wakati maji yamejaa. Magari ya kunyanyulia mizigo huteremka mchangani kuyachukua makasha na kuyapanga nchi kavu.

Mkazi wa pwani anaielewa kazi hii. Bandari yetu ya Tanga nayo kwa miaka mingi ilitumia matishali kwa meli zilizotia nanga nje. Lakini Tanga hakuna barafu.

Mafuta huletwa na meli nyingine. Meli husimama mbali, na bomba refu la mpira huelea juu ya maji mpaka nchi kavu. Mafuta husukumwa humo hadi kwenye matangi ya kijiji. Matangi hayo ni roho ya kijiji. Mitambo ya umeme ya Nunavut hutumia dizeli, na nyumba hupashwa moto kwa mafuta. Bila mafuta katika baridi ile, watu wanaweza kufa.

4. Gati la Iqaluit

Mji mkuu wa Nunavut ni Iqaluit. Una watu zaidi ya 7,000. Huko bahari hupwa na kujaa kupita kiasi. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 10. Maji yakipwa, ufuko huwa tope na mawe mpaka mbali.

Kwa sababu hiyo kazi iliongozwa na maji. Yakijaa, matishali hufika. Yakipwa, kazi husimama. Dhoruba ikija, kazi husimama tena, na siku za kiangazi huzidi kupungua.

Mwaka 2018 kazi ya kujenga bandari ya maji ya kina ilianza. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imekamilika. Sasa meli inaweza kufunga gatini na kushusha mizigo yake moja kwa moja. Lakini vijiji vingi vingine bado vinategemea matishali na ufuko.

5. Meli isipofika

Mwaka 2018, upande wa magharibi, barafu nzito ilisukumwa ikaziba njia. Matishali yenye mizigo ya mwaka hayakuweza kufika Paulatuk, Kugluktuk na Cambridge Bay. Ilibidi ndege zitumike, kwa gharama kubwa.

Siku hizi dunia inazidi kupata joto, na barafu ya bahari imepungua. Wengine hudhani kwamba sasa njia ni nyeupe. Sivyo. Barafu ikilegea, vipande vikubwa na vigumu husafiri na kuingia katika njia za meli. Kwa hiyo mabaharia bado wana hadhari, na meli za kuvunja barafu bado zinahitajika.

6. Tumejifunza nini?

Watu wa Nunavut hawaishi kwa bahati. Wanaishi kwa hesabu, kwa akiba, na kwa kuwahi. Gati zuri huharakisha kazi, lakini haliandiki orodha. Kazi hiyo ni ya watu wenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Gati: mahali meli inapofunga ili kupakia au kupakua.
Tishali: chombo kipana cha kubebea mizigo kati ya meli na pwani.
Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma.

MASWALI

1. Kwa nini meli haziendi Nunavut mwezi wa Januari?
2. Mafuta hufikaje kwenye matangi?
3. Bandari mpya imesaidia nini Iqaluit?

ZOEZI

Nyumba yako hutumia kilo ngapi za chumvi na sabuni kwa mwezi? Andika. Zidisha mara 12.

MAJADILIANO

Mbolea na mbegu zikichelewa kijijini kwenu, hasara ni nini? Nani huandika mahitaji ya kijiji, na huyaandika mwezi gani? Je, anawahi?