SOMO: Jicho la marehemu linavyomsaidia aliye hai



Katika sharika za Handeni na Korogwe tunaulizwa: je, jicho la marehemu laweza kumponya kipofu?

Jicho zima halipandikizwi ili kurudisha uwezo wa kuona. Hupandikizwa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Daktari Eduard Zirm alifaulu kwa mara ya kwanza mwaka 1905. Maandalizi ni haya:

1. Familia hutoa ridhaa.
2. Konea hutolewa saa chache baada ya kifo. Damu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende.
3. Konea hukaguliwa kwa darubini, kwani chembe hai za ndani zikifa hazizaliwi upya.
4. Huhifadhiwa kwenye maji maalumu, nyuzijoto 2 hadi 8, kwa siku zisizozidi 14.

Konea haitibu mtoto wa jicho; huo una upasuaji wake. Konea nyingi huharibiwa na majeraha, surua na dawa za majani zinazotiwa machoni. Hayo yanazuilika. Jicho lenye kidonda lipelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tujadili: Kijijini kwetu, jicho likiuma, mgonjwa huanzia wapi? Kamati itamsaidiaje nauli?