Kuhama na Ng'ombe

Mhariri amenitaka niandike somo la ufugaji kwa ajili ya kurasa zetu za Kiswahili. Mimi si bingwa. Ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii niliyerudi nyumbani kumsaidia baba, nami nawajua vizuri ng'ombe sita tu, yaani wale wetu. Lakini muda tuliokaa tukijitayarisha kuwahamisha ulinifundisha mambo ambayo sikuyaelewa darasani, ingawa nadhani mwalimu aliyataja. Moja katika hayo tulilipia mtamba mzima. Hilo ndilo nitakalolieleza hasa.

Kwetu ni kilimani, karibu na mji wa Kabale, kusini-magharibi ya Uganda. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu yake kidogo. Asubuhi ukungu hujaa bondeni hata humwoni jirani, na baridi huuma vidole vya mkamuaji. Shamba letu lilikuwa vipande vinne vilivyotawanyika, kila kimoja kimekatwa matuta kama ngazi, viazi huku, mtama kule, na kingo zote zimepandwa majani ya tembo. Ng'ombe hawakuchungwa, maana hapakuwa na pa kuwachunga. Walikaa bandani, nasi tukawapelekea majani na maji.

Kuhama si jambo geni kwa watu wa Kigezi. Tangu mwaka 1946 serikali ya wakati ule ilianza kuwahamisha watu kwa sababu ardhi ilikuwa imejaa. Wengine walikwenda kaskazini ya Kigezi yenyewe, wengine Ankole, wengine Toro. Ndugu yake babu alikuwa mmoja wao. Zamu yetu ilifika Januari 2023. Baba alituita jioni akasema kwamba vipande vinne akivigawa kwa wana watatu havitamfaa hata mmoja, na kwamba amepata ardhi Kiruhura, nchi ya ng'ombe, ng'ambo ya Mbarara. Bibi, mama yake baba, hakusema neno. Alitoka nje akaenda kumkuna Bihogo shingoni.

Bihogo ni ng'ombe wa pembe ndefu, na jina lake ni la rangi: Wanyankole huita hivyo ng'ombe mwekundu wa kukolea. Babu alimnunua angali mtamba kutoka huko huko Kiruhura. Wenzake walikuwa majike watatu chotara wa Friesian, na mitamba wawili.

Mtu asiyefuga hudhani kwamba nyumba inayojitayarisha kuhama huacha kazi nyingine. Ng'ombe hajui kwamba unahama. Saa kumi na moja alfajiri kiwele kimejaa, nawe uamke. Ng'ombe mzima wa kilo 400 hutaka majani mabichi kilo 40 hata 60 kwa siku, na anayekamwa hunywa maji lita 40 hata 60; mwanafunzi apige hesabu mwenyewe, kisha akumbuke kwamba maji yetu yalikuwa chini bondeni na banda juu mlimani. Baada ya kukamua, ndugu yangu mdogo alipeleka maziwa kituoni kwa baiskeli. Huko huyatia kipimo cha kuelea kujua kama yametiwa maji, na asubuhi ya mvua karani humtazama kila mtu kwa jicho la kushuku. Kisha kukata majani, kuzoa samadi, kupalilia viazi, kukamua tena jioni. Mambo ya kuhama tuliyazungumza usiku, kwa taa, na baba alinipa mimi kazi ya kuandika katika daftari.

Kwanza niliandika vitu: sufuria, milango, mabati, mbegu za viazi. Baba akasoma, akacheka, akaniambia nianze tena, safari hii niandike ng'ombe, kila mmoja na mimba yake.

Hapo ndipo somo linapoanza. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Bihogo alipandwa tarehe 14 Machi 2023. Hesabu siku hizo, utafika tarehe 22 Desemba. Siku 60 kabla ya kuzaa humkaushi tu maziwa ili kiwele kipumzike, bali pia humpandishi katika lori, kwa kuwa kuyumba, kusukumana na hofu huweza kuharibu mimba iliyo kubwa. Toa 60, unapata tarehe 23 Oktoba. Kwa hiyo Bihogo angeweza kusafiri kabla ya siku hiyo, au angoje azae na ndama wake apate nguvu, yaani Februari. Fanya hivyo kwa majike wanne, kisha weka juu yake majira ya mvua, maana kwetu mvua hunyesha Machi hata Mei, tena Septemba hata mwisho wa mwaka, na lori lenye mzigo halitaki tope la mlimani. Nilipomaliza kuchora mistari niliona kwamba katika mwaka mzima zilibaki wiki chache tu zilizowafaa wote. Baba alizoea kusema, "Tutahama tukishavuna." Kumbe ng'ombe walikuwa wamekwisha kutuchagulia siku.

Lakini hesabu hiyo nzuri ilikuwa na upungufu mkubwa, nasi tuliugundua kwa msiba.

Mwezi wa Aprili baba alikwenda Kiruhura kutengeneza boma. Akaona si vibaya kumchukua mtamba mmoja atangulie, aone malisho yakoje. Mimi mwenyewe nilimsaidia kumpakia, tena niliona ni busara. Yule mtamba alikuwa mnene, ngozi inang'aa, hajapata kuugua hata siku moja. Siku ya kumi na sita baba alipiga simu akasema amevimba tezi chini ya sikio, na joto limefika 41. Baada ya siku chache akawa anahema kwa nguvu na povu linamtoka puani. Sindano ilipatikana, lakini ilichelewa. Siku ya ishirini na nne alikufa. Ng'ombe wa majirani, waliokuwa wakila majani yale yale, hawakukohoa hata mmoja.

Ugonjwa huo ni ndigana kali. Huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachochukuliwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya sikio. Kupe huyu hudandia wanyama watatu katika maisha yake: akiwa mdogo sana, akiwa wa kati, na akiwa mkubwa. Kila akishiba hudondoka majani akajigeuza, kisha akatafuta mnyama mwingine. Akinyonya kijidudu kwa mmoja, humpa yule anayefuata. Wala hampi papo hapo. Huchukua siku kadhaa akiwa amening'inia, ndiyo sababu wafugaji wa huko huogesha mara mbili kwa wiki, wamuwahi.

Sasa, kwa nini wa majirani walipona? Kwa sababu wamezaliwa hapo. Ndama wa pembe ndefu huumwa na kupe tangu wiki za kwanza. Wengine hufa, wanaopona hukaa na kinga. Wetu walizaliwa katika baridi, wakafungiwa bandani, wakaletewa majani mkononi. Kupe tuliwaona mara moja moja. Sisi tulijisifu kwamba ng'ombe wetu ni wazima, na kweli walikuwa wazima, lakini ule uzima ulikuwa wa mlima ule. Hauingii katika lori pamoja nao. Kutoka Kabale hata Mbarara ni kama kilomita 140 tu, na unashuka kiasi cha mita 500. Kwa kupe ni nchi nyingine kabisa.

Jambo hili liliwahi kuumiza nchi nzima. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika. (Sotoka hiyo ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka duniani.) Baada yake Rodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, ilikosa ng'ombe, na wakaletwa wengine kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bandari ya Beira. Ng'ombe hao wa pwani walionekana hawana neno, lakini walichukua kupe na kijidudu chao. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe wa huko wakaanza kufa kwa maelfu. Robert Koch, yule mganga mashuhuri wa Ujerumani, aliitwa mwaka 1903 kuchunguza. Huko Afrika ya Kusini Arnold Theiler alionyesha kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na Charles Lounsbury akathibitisha kwamba yule kupe wa kahawia ndiye mchukuzi. Kuumaliza Afrika ya Kusini kulichukua kama nusu karne. Waingereza waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, na hata leo ndilo jina lake kwa lugha yao. Angalia basi: huko mgeni alikuja mzima akaua wenyeji, kwetu mgeni alikwenda mzima akauawa na maradhi ya wenyeji. Kupe ni yule yule.

Baada ya mtamba kufa, baba alitaka kuacha shauri lote. Kwa wiki nyingi daftari halikufunguliwa. Bibi, ambaye sote tulidhani hataki kuhama, ndiye aliyemwambia baba, "Mwanangu, umemzika mmoja, nenda ukaulize kabla hujawazika watano."

Daktari wa mifugo alitueleza habari ya chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Ni chanjo ya ajabu kidogo. Ng'ombe hupewa kijidudu chenyewe kikiwa hai, na saa ile ile akachomwa dawa inayokaa mwilini siku nyingi, ili augue kidogo tu kisha apone na kinga. Hutiwa mbegu za aina tatu za kijidudu, kwa kuwa kinga ya aina moja huenda isizuie nyingine, na huhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji yenye baridi kali mno. Wamasai wengi wa kaskazini ya Tanzania huwachanja hivyo ndama wao. Lakini kinga haiji siku ya sindano. Tuliambiwa tungoje siku 40 kabla ya kusafiri. Bihogo alikuwa na mimba kubwa, naye daktari hakutaka kumgusa mpaka azae. Baba alisema, "Huyu alizaliwa Kiruhura, ana kinga ya utotoni." Daktari akajibu kwamba huenda ni kweli, lakini kinga iliyokaa miaka mingi bila kupe si ya kutegemea.

Basi nikachora mistari upya: mimba, mvua, na sasa siku 40. Tuliwachanja wanne mwezi wa Novemba. Mmoja alipata homa ya siku mbili, akaacha kula, nasi tukalala bandani. Bihogo alizaa tarehe 25 Desemba, siku tatu baada ya hesabu yangu, ndama jike. Maziwa ya mwanzo alinyonya kabla ya saa sita kupita, kama ipasavyo. Mama na mtoto walichanjwa baadaye.

Tulipokuwa tayari kabisa, njia ikafungwa. Mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulienea katika wilaya nyingi za Uganda, na huko tuendako pia. Karantini ikawekwa, masoko ya ng'ombe yakafungwa, na hakuna kibali cha kusafirisha. Shamba letu la Kabale tulikuwa tumekwisha kuliuza. Mnunuzi, Mungu ambariki, alituachia banda na kingo za majani. Tukawa wageni katika matuta tuliyoyachimba wenyewe, tukikata majani ya tembo asubuhi kama kawaida. Nakiri kwamba nilinung'unika. Lakini nikimkumbuka yule mtamba, na zile habari za Beira, sikuweza kusema kwamba waliofunga njia walikosea.

Kibali kilipatikana Agosti 2024, wakati wa kiangazi. Tulimwaga mchanga katika sakafu ya lori wasiteleze, Bihogo na pembe zake akawekewa ubao wa kumtenga, ndama akafungwa miguuni pa Bibi aliyekaa karibu na dereva akimshika kamba. Tuliondoka alfajiri, maana usiku hairuhusiwi. Wiki ya kwanza maziwa yalipungua hata nusu, jambo tuliloambiwa tulitegemee. Tuliogesha mara mbili kila wiki, kwa dawa moja na kwa kipimo chake, kwa sababu katika wilaya hizi kupe wengi wamekwisha kuzizoea dawa, na wanaozichanganya ovyo ndio waliowazoesha.

Siku ya kumi na sita niliamka kabla ya wote. Nilichukua taa na kipimo cha joto nikaingia bomani, nikampapasa kila mmoja chini ya sikio, kushoto na kulia. Nilipofika kwa Bihogo nikamkuta Bibi amekwisha kutangulia, mkono wake uko pale pale chini ya sikio. "Hakuna kitu," akasema. "Lete ndoo."