Marehemu hauzi nyumba

Dada mmoja wa Isevya, Tabora, ametuandikia. Kaka yake, mkazi wa Muscat kwa miaka mingi, alimpa shemeji yao hati ya uwakala asimamie kesi ya mpaka wa kiwanja na kukusanya kodi za wapangaji. Kaka akafariki. Khitma ikasomwa hapo hapo Isevya, shemeji akiwa mstari wa mbele kupokea wageni. Miezi miwili baadaye nyumba ikauzwa. Familia ilipohoji, shemeji akakunjua karatasi: “Ina mihuri mitatu. Nendeni popote.”

Mihuri huenda ni halali. Aliyekufa ni mwenye hati, na uwakala umekufa naye. Sheria yetu ya Mikataba inasema hivyo: aliyekutuma akifa, au akipoteza akili timamu, kazi yako imekwisha. Kuanzia hapo mali ni ya mirathi, na msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, si na karatasi ya marehemu.

Hapa ndipo watu wanaponaswa. Sheria hiyo hiyo inamlinda mtu wa nje ambaye hakujua kwamba uwakala umekoma. Kwa hiyo, dada, swali la kesi yako ni nani alijua nini, na lini. Shemeji alikaa kwenye khitma, hana pa kujificha. Mnunuzi je? Kama ni jirani aliyekuja kutoa pole, naye alijua. Kama ametoka Urambo na hakusikia lolote, atasema alinunua kwa nia njema, na mtabishana miaka. Andika sasa majina ya waliohudhuria. Binafsi naona sheria hii imempendelea mnunuzi kupita kiasi: mtu anayenunua nyumba ya mwenye mali aliye ng'ambo angelazimishwa walau kuuliza kama mwenyewe angali hai.

Tuitazame hati yenyewe. Wanasema iliandikwa “afanye lolote kwa niaba yangu”. Kaka alitaka kesi ya mpaka na kodi tu, kwa nini akaandika lolote? Kwa sababu ya safari ya karatasi. Hati ya Muscat hupita kwa mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje ya Oman, kisha ubalozi wetu, na kila dirisha lina ada na foleni. Mtu akishakata tiketi hiyo mara moja hataki kurudi, basi anajaza kila kitu. Upo mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 unaowezesha cheti kimoja kutosha baina ya nchi wanachama. Oman imo tangu 2012, Burundi tangu 2015. Tanzania haimo. Koo zilizotawanyika tangu enzi za misafara, kutoka Muscat hadi Tabora na Ujiji, bado zinahangaika na mihuri inayothibitisha sahihi na isiyosema lolote kuhusu uhai wa aliyesaini.

Pengo hilo ndilo wanalolila madalali wenye fomu zilizochapwa tayari, na karani anayeomba “ya soda” ili faili litembee. Usimpe. Dai risiti.

Wewe uliye hai na unayetaka kumtuma mtu, taja kesi, taja kiwanja, weka tarehe ya mwisho, na andika waziwazi kwamba kuuza na kuweka rehani havimo. Ukibadili nia, kumnyang'anya nakala yako hakutoshi: mwandikie yeye, mwandikie Msajili wa Hati, waambie na wapangaji.

Nawe dada, chukua cheti cha kifo cha Oman kilichothibitishwa, kiwe na tafsiri, ukaweke zuio kwa Msajili wa Hati. Kisha fungueni mirathi. Marehemu alikuwa akiishi nje, hivyo muulizeni wakili kwanza ni mahakama ipi. Lakini zuio lisisubiri wakili. Nenda wiki hii, kabla jina la mnunuzi halijaingia daftarini.