Alama ya Fundi katika Dirii

Tuliposoma Waefeso mlango wa 6, wengi waliuliza habari za dirii na chapeo. Paulo alikuwa akiwaza silaha za Warumi. Leo twataka kutazama silaha zilizofuliwa siku za baba zetu wa Matengenezo, tena katika mji wa Augsburg, tuujuao kwa ajili ya Ungamo lililosomwa huko tarehe 25 Juni 1530.

Zilikuwa mabamba ya chuma cha pua yaliyomfunika mtu tangu kichwa hata miguu, uzito wake wote yapata kilo 20 hata 25. Wengi hudhani ya kuwa aliyezivaa akianguka hakuweza kuinuka. Sivyo. Mabamba membamba yalipandana kama magamba, yakashikwa kwa misumari iliyopondwa ncha na kanda za ngozi, hata goti na kiwiko vikakunjika. Tena fundi hakufua kila mahali kwa unene mmoja: kifuani aliacha chuma kinene, mgongoni alikipunguza. Lakini vyote vikiisha kusuguliwa hung'aa sawasawa. Basi mnunuzi angejuaje kama hakudanganywa?

Ndiyo sababu ya alama. Kazi ilikaguliwa, na iliyofaa ilipigwa chapa ya mji, ambayo kwa Augsburg ni tunda la msonobari. Fundi naye alikuwa na chapa yake. Jamaa ya Helmschmid, maana yake mfua chapeo, walipiga mfano wa chapeo. Huko Nürnberg fundi alijaribiwa kwa kila kipande: aliyefaulu kufua chapeo tu hakuruhusiwa kufua vazi la mkono. Sheria hiyo twaipenda. Laiti ingekuwako kwa waezekao makanisa yetu!

Walakini chapa ilishuhudia chuma tu. Augsburg ulikuwa umejiunga na wakuu wa Kilutheri katika mapatano ya Schmalkalden tangu 1536. Hata hivyo mwaka 1544 Desiderius Helmschmid, fundi wa mji huo huo, alimfulia silaha Kaisari Karl wa 5, yule yule aliyesomewa Ungamo. Tarehe 24 Aprili 1547 Kaisari alizivaa huko Mühlberg, akawashinda wakuu hao, akamteka Johann Friedrich wa Saxony. Silaha hizo zimewekwa Madrid hata leo, nazo ni kazi njema sana.