Msalaba Ulioshonwa Begani

Kabla hujaendelea, soma Mathayo 16:24 na Yohana 18:1-11, halafu urudi hapa.

Somo hili limetokana na bango. Nilipewa mabango ya ule mkutano wetu wa uwanjani nikayabandike mtaani. Nikafika dukani kwa mzee mmoja Mwislamu, jirani yangu wa miaka mingi, ambaye hajawahi kuninyima ukuta wake. Akalisoma polepole, akaniuliza, "Mwalimu, hili neno krusedi hapa juu, mnajua lilitoka wapi?" Nikamwambia ni mkutano wa injili tu, mzee wangu, kuimba na kuombea wagonjwa. Akasema, "Hilo najua. Nyinyi nawajua. Mimi nauliza neno."

Sikuwa na jibu. Aliniruhusu kubandika, lakini nilirudi nyumbani na aibu: mwalimu wa Biblia, na siwezi kueleza neno lililo juu ya bango langu mwenyewe. Basi nikatafuta vitabu nikasoma.

Neno lenyewe linatokana na neno la Kilatini la msalaba. Mtu aliyeapa kwenda vitani alishonewa msalaba wa kitambaa begani, na kwa Kiswahili tunaviita Vita vya Msalaba. Wengi wetu tunaamini vilianza kwa sababu Waislamu waliteka Yerusalemu. Ni kweli waliiteka, lakini lini? Mwaka wa 638 hivi, wakati wa Khalifa Umar. Vita vya Msalaba vilitangazwa 1095. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 450. Kama ni kisasi, kilichelewa sana. Miaka hiyo yote Wakristo waliendelea kuishi mjini humo wakilipa kodi ya jizya, na mahujaji wa Ulaya walienda na kurudi. Si ati mambo yalikuwa mazuri kila siku. Mwaka wa 1009 Khalifa al-Hakim wa Misri aliamuru Kanisa la Kaburi Takatifu libomolewe, na likabomolewa. Lakini hata hilo halikuleta jeshi kutoka Ulaya. Watawala waliomfuata walielewana na makaisari wa Constantinople, kanisa likajengwa upya.

Moto uliwashwa kwingine. Mwaka wa 1071, kule Manzikert, Waturuki wa Seljuk walilishinda jeshi la Constantinople na kumteka Kaisari Romanos wa Nne. Baada ya hapo wakaenea katika sehemu kubwa ya nchi tunayoiita Uturuki leo, nchi ya Tarso na Efeso. Machi 1095 wajumbe wa Kaisari Alexios wakafika Piacenza, Italia, mbele ya Papa Urban wa Pili, kuomba askari wa kusaidia. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo, mjini Clermont, Ufaransa, Papa akahubiri, na ombi la askari wa kusaidia likageuka kuwa safari ya kuikomboa Yerusalemu. Mahubiri yenyewe hatuna neno kwa neno. Walioyaandika waliandika miaka baadaye na hawakubaliani. Lakini uamuzi wa baraza la maaskofu ulibaki: atakayekwenda Yerusalemu kwa ibada tu, bila kutafuta sifa wala pesa, safari hiyo itahesabiwa badala ya toba yake yote.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye mzizi.

Siku zile mtu akiungama, padri alimpa kazi ya toba: kufunga, kutoa sadaka, kuhiji kwa miguu. Na kuua vitani kulihesabiwa humo. Mwaka wa 1066 William alishinda vita vya Hastings na kuitwaa Uingereza. Baadaye maaskofu wake wenyewe wakatoa agizo: askari anayejua ameua mtu katika vita vile, afanye toba mwaka mmoja kwa kila mtu aliyemuua. Tazama sasa, hao walikuwa washindi, waliopigania bwana wao, na bado kanisa liliwaambia damu ni damu. Haikupita hata miaka 30, kanisa hilohilo likasema kuna vita ambavyo kwenda kwake ndiko toba. Upanga uliokuwa ukimletea mtu mwaka wa kufunga sasa ungemfutia miaka yote ya kufunga.

Usidhani waliokwenda walikuwa wezi wote. Wako waliofuata mali, sawa, lakini safari ilikuwa ghali, na wengi waliweka mashamba rehani ili waende. Walikuwa watu waliojua mikono yao ina damu na wakatamani kusafishwa. Nikisoma habari zao nawaona kama watu ninaowaombea pale mbele Jumapili. Na andiko walilohubiriwa ni hilo la Mathayo 16:24. Yesu anasema mtu ajikane na abebe msalaba wake. Wao wakauchukua ukiwa kitambaa, kisha wakashika mkononi kile ambacho Petro aliambiwa akirudishe alani.

Waliouawa kwanza hawakuwa hata Waislamu. Mwaka wa 1096, kabla jeshi kubwa halijafika mbali, magenge yenye misalaba begani yaliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz, Ujerumani. Kule Speyer askofu aliwaficha wengi wakapona, na ni vizuri tulijue hilo pia. Kisha Yerusalemu. Mwaka wa 1098 Wamisri walikuwa wamekwisha kuwafukuza Waturuki mjini humo, kwa kuwa Waislamu wenyewe walikuwa wamegawanyika, Cairo dhidi ya Baghdad. Tarehe 15 Julai 1099 watu wa msalaba waliingia wakaua Waislamu na Wayahudi, na Waturuki aliowalalamikia Kaisari hawakuwa tena watawala humo. Walioandika habari hizo wanasema baada ya mauaji walikwenda Kaburini kuomba, wakilia kwa furaha. Papa Urban alikufa tarehe 29 Julai, habari haijamfikia.

Upande wa pili ulijifunza. Mwaka wa 1105 mwalimu mmoja wa Damascus, al-Sulami, alifundisha msikitini kwamba ni wajibu kuinuka kwa jihadi. Wachache walimsikiliza wakati huo. Miaka 82 baadaye, mwaka wa 1187, Salahuddin aliitwaa Yerusalemu.

Nilirudi kwa mzee nikamweleza haya yote, na ya al-Hakim sikuyaruka. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mabango mmebakiwa nayo mengi?"

Mengi, ndiyo. Kwenye kamati wako wanaosema neno limekwisha badilika, kwamba mtu wa hapa akisikia krusedi anafikiria spika na kwaya, wala hafikirii upanga. Hoja hiyo ina uzito. Mweka hazina naye anauliza pesa ya kuchapisha mengine itatoka wapi. Mimi nimeomba tuandike "Mkutano wa Injili". Tunaamua Jumatano baada ya maombi. Ukiwa na neno, njoo useme.